Pasi ya Ampea Kumi na Nane

Jalada la mtu aliyekufa huwa linanenepa lenyewe. Hili lilikuwa na karatasi nne tu, na tayari sajini alishalifunga kamba.

"Afande, weka sahihi hapo chini tumalize," sajini alisema. "Saa nane gari linakwenda mahakamani."

Mpelelezi aliitazama saa ya ukutani. Saa nne na robo. Akavuta kiti, akafungua kamba ile taratibu, fundo kwa fundo, kama mtu anayemenya yai la kuazima. Pale kituoni walimwita Kobe, na yeye hakuwahi kukasirika. Alikuwa fundi umeme kabla hajawa askari, na ufundi wa umeme una dawa moja kwa watu wenye haraka: unawazika.

Karatasi tatu za kwanza alizijua. Duka la dobi la mtaa wa nyuma liliungua Jumatatu, saa sita mchana. Moto ulianzia darini. Wafanyakazi walitoka mbio, isipokuwa mfuaji mmoja mtu mzima, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Povu. Moshi ulimkuta kwenye chumba cha sabuni, akafia huko huko. Siku hiyo hiyo msichana wa kupiga pasi akakamatwa. Leo siku ya tatu yuko mahabusu.

Karatasi ya nne ndiyo iliyomfungia msichana mlango. Ilikuwa ripoti ya fundi, mwandiko umenyooka kama mistari ya daftari. *Wiki mbili kabla ya moto niliipima pasi hii kwa ombi la mwenye dobi. Volti 230. Ampea 18. Nilimwonya mpiga pasi kwamba pasi ni mbovu, inavuta umeme kupita kiasi, asiitumie. Hakusikia.*

Sahihi aliitambua kabla hajaisoma. Ilikuwa ya Mwalimu.

Mafundi wote wa mji ule walimwita hivyo, na nusu yao walipita mikononi mwake. Kobe mwenyewe alimbebea ngazi miaka sita. Yeye ndiye aliyemfundisha kwamba volti ni msukumo, ampea ni mwendo, omu ni kipingamizi. Ukiwajua wawili, wa tatu hana pa kujificha. Yeye pia ndiye aliyempiga kwa bisibisi kwenye vidole siku Kobe alipojaza kipimo cha kubuni: "Namba ambayo mita haijaisema, usiiandike! Hata kama mkeo anajifungua!"

Kobe aligeuza bahasha kuukuu, akachukua penseli. Mia mbili thelathini gawa kwa kumi na nane. Akapata omu kumi na mbili nukta nane. Halafu mia mbili thelathini mara kumi na nane. Akapata wati elfu nne, mia moja na arobaini.

"Sajini, kwako pasi ya wati ngapi?"

"Nikuulize wewe fundi. Elfu moja, labda na mia mbili."

"Hii ni ya elfu nne na ushee."

Sajini alicheka. "Hiyo si pasi, afande, hicho ni kiwanda. Unapiga shati, unaua na mende wa jirani." Kisha kicheko kikakatika. "Lakini si ndiyo ubovu wenyewe? Imeharibika, ikawa inakunywa umeme."

"Huenda," Kobe alisema. "Nitolee msichana."

Mpiga pasi aliletwa akiwa bado na gauni la kazini, pindo limeungua upande mmoja. Mkono wa kulia ulikuwa na gamba gumu katikati ya kiganja, pale mpini wa pasi unapokaa.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimeshiba maneno."

"Fundi alipoipima pasi yako ulikuwepo?"

"Kupima?" Alikunja uso. "Baba Mdogo hajawahi kuigusa pasi yangu."

Kobe aliinua kichwa. "Baba Mdogo?"

"Mwalimu. Ni mdogo wake marehemu baba, wamefuatana ziwa moja. Ndiye aliyenitafutia kazi pale, maana yeye karakana yake iko ukuta wa pili."

Hilo halikuwa kwenye karatasi hata moja kati ya nne. Kobe aliisukuma ripoti mezani. "Hapa ameandika kwamba aliipima, akakuonya."

Msichana alisoma, midomo ikicheza. Akasoma tena. "Basi atakuwa ameipima mimi sipo. Na kunionya, labda nimesahau. Baba Mdogo hasemi uongo, afande. Jana alikuja kuniona pale dirishani. Kalia, maskini. Kanishika mkono, akaniambia nisibishane na serikali. Nikikubali mapema hakimu atanihurumia, na yeye atasimama kunidhamini."

"Kukubali nini?"

"Kwamba ni uzembe wangu. Kwamba Mama Povu kafa kwa uzembe wangu."

"Na wewe unaonaje?"

"Mimi naona nilichomoa pasi nikaenda kunywa maji, na niliporudi dari linawaka. Lakini mimi ni nani? Nimepiga pasi miaka minne, sijui hata umeme una rangi gani. Yeye anajua." Alijipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Saa nane nitakubali, yaishe."

*

Pasi ilikuwa kwenye kabati la vielelezo, ndani ya mfuko wa nailoni. Kobe aliilaza mezani. Kwenye kisigino chake kulikuwa na kibati cha kiwandani: volti 230, wati 1000. Waya wake ulikuwa umeyeyuka.

"Unaona?" sajini alisema. "Waya umeiva. Ushahidi gani tena unataka, pasi yenyewe isimame itubu?"

Kobe alichukua wembe, akaupasua waya kwa urefu. Plastiki ya nje ilikuwa nyeusi na mapovu. Ya ndani, inayogusa shaba, ilikuwa laini na safi, na shaba ilimeta.

"Waya uliozidiwa umeme huungua kutoka ndani kuja nje," alisema. "Huu umeungua kutoka nje. Dari liliuangukia. Umeiva kama muhogo uliochomwa ganda tu."

Akatoa mita yake. Aligusanisha ncha mbili kwanza, sindano ikaenda sifuri, mita haidanganyi. Akazishikisha kwenye miguu miwili ya plagi ya pasi. Sindano ilipanda, ikatikisika, ikatulia kwenye hamsini na mbili.

"Omu hamsini na mbili ikiwa baridi. Ikipata moto inapanda kidogo, tuseme hamsini na tatu. Mia mbili thelathini gawa kwa hamsini na tatu?"

Sajini alihesabu kwa vidole, akaviacha. "Malizia wewe."

"Ampea nne na kitu. Mara volti mia mbili thelathini, unapata wati elfu moja, kasoro mbili hivi. Soma kibati."

Sajini alikisoma, akakuna shingo. "Labda ilikuwa shoti, afande. Umeme umevuja kwenye bati."

Lilikuwa wazo zuri. Kobe aliweka ncha moja kwenye mguu mmoja wa plagi, nyingine kwenye bati la chini. Sindano haikusogea hata unywele. Akajaribu mguu wa pili. Vile vile.

"Ingekuwa shoti, sindano ingeruka. Pasi hii ni nzima. Ukiichomeka sasa hivi unapiga suruali yako, na inahitaji."

"Kwa hiyo Mwalimu kakosea?"

Kobe alikuwa akiirudisha pasi mfukoni. "Mwalimu," alisema, "hakosei kusoma mita."

*

Dobi lilibaki kuta na harufu. Mwenye dobi, mtu wa tumbo na manukato ambaye mtaa ulimwita Tajiri kabla hata hajapata, alikuwa akihesabu mashati ya watu yaliyonusurika.

"Wewe ndiye uliyeomba pasi ipimwe?" Kobe alimuuliza.

"Nani, mimi? Pasi hupimwa kwa mate, afande! Unatema, ikilia chwaa, imeiva. Mimi niite fundi kwa ajili ya pasi?"

"Hukumwita kabisa?"

"Nilimwita kwa ajili ya taa. Kuna wiki mbili taa zangu zilikuwa kila siku kwenye saa nne asubuhi zinafifia, kama zina usingizi. Akaja Mwalimu, akatazama juu, akatazama chini, akasema umeme wa mtaa ndio mdogo, nivumilie."

"Pasi huwashwa saa ngapi?"

"Saa moja. Saa nne huyo binti keshapiga mlima mzima."

Kobe alirudia moyoni: saa moja pasi, saa nne taa zinafifia. Kitu kilikuwa kikiamka saa nne, na hakikuwa pasi.

Sanduku la fyuzi lilikuwa mlangoni, moto haukulifikia. Alichomoa fyuzi ya laini ya taa. Mahali pa uzi mwembamba wa kukatika palifungwa nyuzi tatu nene za shaba, zimesokotwa pamoja. Fyuzi ya namna hiyo haikatiki hata ukiifungia treni. Alikwangua uzi mmoja kwa ukucha. Rangi ikatoka, ya kahawia ya chai ya rangi, na chini yake shaba ikang'aa. Waya uliopakwa vanishi. Kwenye duka la umeme hauuzwi huo kwa kufungia fyuzi. Unanunuliwa na watu wa kazi moja tu.

"Binti alifungua sanduku hili lini?"

"Atalifikia kwa mbawa? Mimi mwenyewe napanda stuli."

Kobe aliomba ngazi. Juu, kwenye boriti za dari zilizobaki, aliufuata waya wa taa, taa ya kwanza, ya pili, ya tatu, ambapo ulitakiwa ukome. Haukukoma. Plastiki yake yote ilikuwa imeungua kutoka ndani, imelegea kwenye shaba kama soksi ya mzee. Waya mwembamba wa taa, uliobebeshwa mzigo wa punda watatu, ulikwenda mpaka ukutani, ukaingia kwenye tundu, ukapotelea upande wa pili.

Alishuka. Saa sita na nusu.

*

Mwalimu alikuwa akisuka mota. Alikaa kwenye kigoda, miwani imefungwa uzi, mkono mmoja ukizungusha mtambo mdogo wa mbao, mwingine ukiuongoza waya wa kahawia ukajilaza duru juu ya duru. Midomo yake ilikuwa ikihesabu.

"…tisini na nne, tisini na tano, tisini na sita…"

Msukaji wa mota hasemeshwi akiwa katika hesabu. Ukimpotezea duru moja, koili nzima inafumuliwa. Kobe alisimama kizingitini, kofia mkononi, kama alivyosimama alipokuwa kijana. Sajini alifungua mdomo. Kobe akamkanyaga mguu. Wakangoja. Mia na ishirini. Mia na hamsini. Mzee hakuinua macho, wala hakuongeza kasi, wala hakupunguza.

"…mia na themanini." Akakata waya. "Karibu, mwanangu. Umenenepa."

"Ni shati, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Mnakuja wawili, basi si salamu."

Kwenye kona kulikuwa na tanuru la kukaushia vanishi: mwili wa friji kuukuu lililowekwa koili za moto ndani. Mota ikishasukwa huchovywa vanishi, ikapikwa humo masaa. Waya wake ulining'inia umekatwa, na mkato ulikuwa mpya.

"Mwalimu, naomba nilipime hilo tanuru."

"Zima kwanza," mzee alisema, kwa mazoea.

"Halina umeme. Umeukata mwenyewe."

Kobe alichuchumaa, akagusanisha ncha za mita, sifuri, akazishikisha kwenye waya. Kumi na mbili nukta sita. Alimgeuzia mzee uso wa mita.

"Soma wewe, Mwalimu. Mimi huenda nimekosea."

"Hukukosea."

"Ikipata moto?"

"Kumi na mbili nukta nane."

"Na kwenye volti mia mbili thelathini inavuta ngapi?"

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. "Kumi na nane," alisema.

Nje kulikuwa na mtu akigonga bati, pa, pa, pa, kisha akaacha.

"Laini yangu ilikuwa haihimili," Mwalimu alisema. "Kila nikiwasha tanuru, fyuzi kuu inakatika. Nikaona nijishike kwa jirani, wiki moja tu, mpaka nipate waya mnene. Wiki ikazaa wiki. Kazi zilikuwa zinanisubiri. Wewe unajua kazi zinavyosubiri."

"Ukawafungia fyuzi kwa waya wa mota."

"Ingekatika kila siku."

"Ndiyo kazi yake, Mwalimu! Wewe ndiye uliyeniambia! Ulisema fyuzi ni mlinzi ambaye mshahara wake ni kufa."

Sajini aliangalia viatu vyake.

"Nieleze kitu kimoja," Kobe alisema. Alitoa ripoti mfukoni, akaikunjua gotini. "Ulitaka kumbebesha pasi. Sawa. Kwa nini kumi na nane? Ungeandika saba. Ungeandika nane. Pasi mbovu ya ampea nane ningeimeza. Hii ya kumi na nane hata sajini kaicheka. Kwa nini hukuandika saba?"

Mwalimu alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakula udongo.

"Saba ningeitoa wapi?"

Kobe aliweka kidole juu ya namba ile.

"Sijawahi kupima kitu pale kikanipa saba," mzee alisema. "Kumi na nane niliisoma kwa macho yangu, siku niliyounga tanuru. Mita ilisema. Sikuongeza, sikupunguza."

"Kwa hiyo namba ni ya kweli."

"Namba ni ya kweli."

"Uongo ni mtoto wa ndugu yako peke yake."

"Yule ni kijana. Atafungwa miaka miwili, atatoka, ataolewa, atasahau. Mimi na kifua hiki nikiingia sitoki. Na nikitoka nani ataniita Mwalimu? Nilipiga hesabu, mwanangu. Kipi kinavumilika zaidi."

"Na Mama Povu ulimweka wapi kwenye hesabu?"

"Usinitajie. Alikuwa akija hapa kila siku kuazima redio." Alishika ukingo wa kigoda. "Sikujua yuko mle ndani."

"Jalada ulijua litakuja kwangu?"

"Nilijua."

"Na bado ukaandika."

"Ndiyo maana niliandika," Mwalimu alisema. Sauti yake haikuwa na ubaya wowote. Alikuwa akieleza kazi. "Kitu nilichokipima mimi, wewe hukuwahi kukirudia. Miaka yote. Mafundi wengine wangerudia. Wewe usingerudia."

Kobe alisimama. Goti lilimlia. Alikunja ripoti, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama stempu, halafu akakumbuka kwamba ni kielelezo, akaanza kuikunjua.

"Sajini, mwambie anachotuhumiwa."

"Afande, mimi? Huyu ni mtu wako…"

"Mwambie."

*

Walifika kituoni saa nane kasoro dakika kumi. Gari la mahakamani lilikuwa linanguruma uani. Kobe alipita hapo hapo, akatoa jina la mpiga pasi kwenye orodha, akaweka sahihi yake pembeni na saa, akaenda mwenyewe kumfungulia.

Alimweleza wakiwa wamesimama koridoni, kwa maneno machache, kuanzia tanuru mpaka tundu la ukutani. Msichana alisikiliza bila kulia. Aliuliza swali moja tu.

"Jana alipokuja dirishani alikuwa anajua?"

"Alikuwa anajua."

"Aliponishika mkono?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayepokea mzigo na kuupima uzito.

Kaunta ilikuwa na askari aliyeanza zamu muda ule ule, mchangamfu, hajui hili wala lile. Alifungua kitabu kikubwa, akalamba kidole, akageuza kurasa.

"Haya dada, pole na hongera. Unaachiwa, lakini utaratibu ni kwamba ndugu asaini hapa kwamba amekupokea ukiwa mzima. Nani amekuja kukuchukua?"

Msichana alifungua mdomo. Mlango wa nje ukafunguka, sajini akamwingiza Mwalimu, bila pingu, amevaa koti lake la kuendea misiba.

"Aa, si huyu hapa!" askari wa kaunta alisema kwa furaha. "Jana nilimwona dirishani. Huyu si baba yako mdogo? Mzee, njoo, njoo usaini umchukue mwanao."

Hakuna aliyemsahihisha. Mwalimu alimtazama Kobe, Kobe akaangalia kitabu. Mzee akasogea hatua mbili mpaka kwenye kaunta. Mkono wake ulinyooka wenyewe kuchukua kalamu, ukaichukua, ukaanza kutafuta mstari.

"Hapana," msichana alisema.

Askari aliinua macho. "Hapana nini?"

"Mama yangu anakuja. Nilimpigia juzi, yuko safarini. Basi lake linaingia saa kumi na moja."

"Saa kumi na moja! Dada yangu, sasa hivi saa nane. Utakaa masaa matatu kituoni na ndugu yako amesimama hapa?"

Msichana alizunguka kaunta, akaenda kwenye benchi la mahabusu lililo ukutani, akakaa pale pale alipokalishwa siku ya kwanza. Akalaza mikono mapajani.

"Nitangoja," alisema.

Mwalimu alisimama na kalamu kidogo. Kisha akaiweka chini juu ya kitabu, sambamba kabisa na mstari, na sajini akamwonyesha njia ya kupita.